Kabla Mbuzi Hajafika Sokoni

Siku ya soko pale Bissil, Kajiado, jua halijachomoza sawasawa, barabara ya Namanga huwa na mifugo mingi kuliko magari. Wafugaji waliotoka maboma ya mbali usiku wanaswaga mbuzi na kondoo kandokando ya lami, kila mmoja na fimbo yake na simu yake. Kilomita mbili tatu kabla ya soko, pikipiki zimeegeshwa chini ya migunga. Hao ni mabroka. Mmoja anamwendea kijana mwenye mbuzi watano, anamsalimu "Sopa," anaitikiwa "Epa," kisha mkono wake unaanza kupapasa mgongo wa beberu aliye karibu.

"Soko limelala leo, kaka. Malori ya Nairobi hayajafika. Niachie hawa watano, nikutumie pesa hapa hapa kwa simu, urudi nyumbani mapema."

Kijana anatazama upande wa soko. Haoni kitu ila vumbi. Anauza watatu, wawili anaendelea nao. Kule sokoni malori mawili ya Nairobi yamesimama tangu alfajiri.

Mimi nakaa Kitengela, na nyama ya mbuzi wale huishia kwenye bucha za mji wangu, kwa hiyo nami nimo katika biashara hii kama mlaji. Tangu asubuhi ile nimekuwa nikijiuliza kama yule broka alikosa, na kama alikosa, alimkosea nani. Majibu niliyoyapata yanatofautiana kwa kadiri ya sheria unayoiuliza.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2010, iliyozaa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, haina la kumwambia. Inawakataza washindani kukaa pamoja na kupanga bei. Inaikataza kampuni iliyoshika sehemu kubwa ya soko kuwaonea wengine kwa ukubwa wake. Inapima kampuni zinazotaka kuungana. Ni sheria yenye meno: Agosti 2023 mamlaka hiyo iliwatoza watengenezaji tisa wa chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Hapa Kitengela, ambako kila mtaa una nyumba inayosubiri ghorofa ya pili, bei ya nondo si jambo dogo, na mimi niliipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini broka wa Bissil ni mtu mmoja mwenye pikipiki ya mkopo. Hana sehemu ya soko ya kupimwa kwa asilimia, na kama amekula njama na wenzake, hakuna karatasi iliyoandikwa. Sheria hii huanzia pale soko linapoanzia, na yeye anafanya kazi yake kabla ya hapo.

Ajabu ni kwamba sheria za kale ziliiona barabara ile vizuri sana.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani yetu waliitumia kwa karne nyingi katika mambo ya biashara, ina mlango mzima juu ya mtu anayetoka mjini kwenda kuupokea msafara njiani, akanunua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kuijua bei. Mtume alilikataza jambo hilo. Wanazuoni wengi wanakubaliana kuwa limekatazwa, ila wanagawanyika wanapoulizwa sababu, na mgawanyiko huo ndio unaonivutia. Kwa Imamu Malik, anayelindwa ni watu wa soko: si haki mjanja mmoja mwenye miguu myepesi ajitwalie peke yake bidhaa ya rahisi ambayo wenzake wangeishindania. Kwa Imamu Shafi, anayelindwa ni yule mgeni mwenye bidhaa, kwa sababu amenunuliwa gizani. Pwani ya Waswahili ni ya madhehebu ya Shafi. Yaani katika mapokeo yaliyo karibu zaidi na lugha hii, mwenye haki katika kisa cha Bissil ni kijana mwenye mbuzi.

Na tazama dawa yenyewe. Broka hafungwi wala hapigwi faini. Mauzo ni sahihi, lakini muuzaji akifika sokoni, akasikia bei na kuona amepunjwa, ana hiari ya kuyavunja. Sheria haikadirii bei wala haimtumi askari kukaa chini ya mgunga. Inachofanya ni kumpa yule mgeni muda wa kujua, kisha inamwachia aamue mwenyewe. Mimi naona hapa kuna akili ya kiuchumi ambayo vitabu vya leo vilihitaji karne nyingi kuifikia: kwamba makubaliano kati ya anayejua na asiyejua yana kasoro, na kwamba njia nyepesi ya kuiponya kasoro hiyo ni kumrudishia asiyejua nafasi ya kusema hapana. Kupanga bei, kwa upande mwingine, Mtume alikukataa hata alipoombwa wakati bidhaa zimepanda, na mafakihi wengi wakashika msimamo huo.

Lugha yetu bado ina alama za soko lile. Soko, bei, mnada, dalali, rahani, faida, hasara: tunapopatana kuhusu mbuzi, tunapatana kwa maneno ya fiqhi hata kama hakuna Mwislamu kati yetu. Mahakama ndiyo iliyotoweka. Katiba ya 2010, katika ibara ya 170, inawaachia makadhi mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Mlango wa biashara ulikwisha kufungwa.

Waingereza nao walikuwa na sheria ya barabara. Kwa karne nyingi ilikuwa jinai kwao kununua chakula njiani kabla hakijafika sokoni, kukinunua kwa wingi ili kukishikilia, au kukinunua sokoni na kukiuza tena hapo hapo kwa bei ya juu. Kiswahili kinaweza kuyabeba makosa yote matatu kwa kitenzi kimoja, kulangua. Sheria ya mwaka 1552 iliyaorodhesha pamoja na adhabu zake: kosa la kwanza, kifungo cha miezi miwili na kunyang'anywa thamani ya mali, kosa la tatu, kufungwa kwenye mti wa aibu hadharani na kupoteza kila kitu. Tofauti na fiqhi inaonekana mara moja. Uingereza ilimwadhibu mlanguzi kwa ajili ya mla mkate wa mjini, na mkulima aliyeuza njiani hakurudishiwa kitu.

Sheria ile ya bunge ilifutwa mwaka 1772. Miaka minne baadaye Adam Smith alichapisha kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, na humo akaifananisha hofu ya watu dhidi ya walanguzi wa nafaka na hofu ya uchawi. Hoja yake haikuwa ya kuwapendelea matajiri. Alisema mfanyabiashara anayenunua nafaka wakati wa mavuno na kuishikilia ndiye anayeivusha nafaka hiyo hadi mwezi wa njaa. Ukimfunga, watu watakula sana Septemba na kufa Mei. Hata hivyo watu hawakushawishika upesi. Mwaka 1800, katika msimu wa mkate ghali, mahakama ya London ilimtia hatiani mfanyabiashara aitwaye Rusby kwa kuuza tena nafaka katika soko lile lile siku ile ile, kwa kutumia mila za kisheria zilizobaki baada ya 1772. Bunge lilikuja kuzing'oa hizo nazo mwaka 1844.

Kuhusu nafaka, nadhani Smith alikuwa na haki. Shida ni kwamba mbuzi si nafaka. Gunia la mahindi lililo ghalani, likihifadhiwa vizuri, lina thamani ile ile mwezi ujao au zaidi. Mbuzi wakati wa ukame anapungua kila siku anayobaki mikononi mwa mwenyewe, na siku anayokufa anakuwa hana bei kabisa. Na kwa kuwa ukame haumpigi mfugaji mmoja, wote wanaswaga mifugo sokoni wiki moja, bei inaporomoka, huku unga ambao pesa hiyo inapaswa kuununua ukipanda. Mchumi Amartya Sen aliueleza mtego huu mwaka 1981 alipochunguza njaa ya Ethiopia ya miaka ya sabini: wafugaji waliangamia kwa kufiwa na mifugo, na pia kwa sababu mnyama aliyebaki hai hakuweza tena kubadilishwa kwa nafaka ya kutosha. Wafugaji wa Kajiado waliozika mifugo yao mwaka 2009, na tena 2022, hawahitaji kusomewa kitabu hicho. Mafakihi walikuwa na neno kwa muuzaji wa aina hii, mwenye kulazimika, na walichukia kumnunua kwa bei ya dhiki yake. Mlanguzi wa nafaka wa Smith angalau anavusha chakula kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Yule anayemnunua mfugaji aliyebanwa anavusha nini? Mara nyingine anavusha mnyama kutoka nyika iliyokauka hadi kwenye majani au machinjioni, na hiyo ni kazi ya kweli, inastahili malipo. Lakini malipo yale yanapimwa kwa shida ya mwenzake, si kwa kazi.

Upo mfano wa karibu wa kujaribu kumaliza jambo hili kwa mabavu ya sheria. Ng'ambo ya Namanga, mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli, aliongoza kampeni ya Tanzania dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa mwaka ule ule. Watu walikamatwa, maghala yakafunguliwa, wengine wakatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Sokoine alikuwa mtu mwadilifu, na Watanzania wengi hadi leo wanamkumbuka kwa heshima kubwa. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Ila kilichokuwa kimewazaa walanguzi ni uhaba, pamoja na bei zilizopangwa na serikali chini ya gharama halisi. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, ndipo maduka yalipoanza kujaa. Najiuliza mara nyingi kwa nini mtoto wa wafugaji, aliyejua vizuri mnada wa ng'ombe ulivyo, alikabidhiwa kazi ya kupigana na bei. Labda aliona wanyonge wanaumizwa na chombo alichopewa kilikuwa hicho tu.

Wamaasai wenyewe wana mapokeo ya tatu, na hayo hayazungumzii soko kabisa. Wanatofautisha esile, ambayo ni deni linalohesabiwa na kulipwa, na osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kamba ya kitovu. Mwenye osotua nawe anaweza kukuomba mnyama anapokuwa na shida ya kweli. Anaomba kiasi cha shida yake tu, kwa adabu. Nawe unatoa ikiwa kutoa hakutakuangusha. Hakuna anayeweka hesabu. Waliopeana mnyama huitana kwa jina la mnyama huyo: pakiteng kwa aliyepeana ng'ombe, paker kwa aliyepeana kondoo. Nimewasikia wazee wawili wakiitana hivyo katikati ya kelele za stendi ya Kitengela, na kwa muda kidogo stendi ikawa mahali pengine.

Mtu aliyezoea vitabu vya uchumi anaweza kuiona osotua kama kinyume cha ushindani. Mimi naona ndiyo inayouwezesha. Kijana mwenye watu wa osotua kwa Wamaasai wa Matapato na wa Kaputiei halazimiki kumuuzia mtu wa pikipiki alfajiri, kwa sababu akikwama leo atapata maziwa kwa mtu. Anaweza kutembea hadi sokoni, akakataa bei ya kwanza na ya pili, akarudi nyumbani na mbuzi wake. Soko lenye wauzaji wanaoweza kurudi nyumbani na mali yao ndilo soko ambalo wanunuzi wanalazimika kushindana. Kweli, osotua haimfikii kila mtu. Asiye na ndugu wala rafiki hana pa kushika, na mgeni aliyehamia Kitengela mwaka jana hana kitovu hapa. Lakini kwa waliomo, ilifanya kazi ambayo hakuna kifungu cha Sheria ya Ushindani kinachojaribu kuifanya.

Sheria iliyoandikwa, kwa sehemu kubwa ya historia ya Kajiado, ilisukuma upande mwingine. Chini ya Waingereza, karantini za mifugo ziliifunga hifadhi ya Wamaasai mara kwa mara, na ng'ombe wao wakazuiwa kushindana na ng'ombe wa masetla. Mwaka 1950 ikaundwa Tume ya Nyama ya Kenya, na kiwanda chake kiko Athi River, kilomita chache tu kutoka ninapoandika. Ilipewa mamlaka ya kuwa mnunuzi na mchinjaji wa pekee kwa ajili ya nyama ya miji mikubwa. Mfugaji alikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alikuwa na sheria mkononi. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba soko la mifugo la Kajiado ni soko huru ambalo sheria haijaligusa, siwezi kukubali.

Inanipa moyo kwamba sheria ya leo imeanza kumtazama mnunuzi mwenye nguvu kama ilivyozoea kumtazama muuzaji mwenye nguvu. Mabadiliko ya 2019 yaliongeza meno dhidi ya mnunuzi anayewaonea wanaomuuzia, na Desemba 2023 mamlaka iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni yenye maduka ya Carrefour nchini, shilingi bilioni 1.1 kwa namna ilivyowatendea wawili wanaoipelekea bidhaa. Kampuni ikatangaza kukata rufaa. Wazo lenyewe ndilo la Imamu Shafi. Limefika kwenye duka kubwa. Kwenye mgunga bado.

Lakini bidhaa iliyouzwa kwa dhiki kuliko zote huku kwetu haikuwa mbuzi. Ilikuwa ardhi. Sheria ya 1968 iliwaandikisha Wamaasai katika ranchi za vikundi, na ranchi hizo zikaja kugawanywa. Ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama na hati yake. Kisha zikaja ploti za hamsini kwa mia, ua baada ya ua. Mtu aliyekuwa anaingoja mvua kwa kuhamia upande wa pili wa nyika, sasa ana ekari zake na mpaka. Hati ilimpa kitu cha kuuza wakati ule ule ilipompunguzia uwezo wa kungoja.

Na hapa Kenya ina kifungu ambacho wachache hukizungumzia. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, katika kifungu cha 9, inaitaka bodi inayotoa idhini ya kuuza shamba izingatie kama masharti ya mauzo, pamoja na bei yenyewe, yanauonea upande mmoja waziwazi. Bunge letu, lililorithi sheria ya nchi ya Adam Smith, liliandika swali la mafakihi: je, huyu anauza kwa bei gani? Niliwahi kukaa kwenye benchi la kikao cha bodi moja nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu mzee mmoja aliulizwa kama mke wake amekubali, na mama akasimama akasema amekubali. Ni swali jema, limeokoa nyumba nyingi. La bei halikuulizwa. Mzee aliweka sahihi, akatoka, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta akihesabu kitu kwa vidole.

Imesimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa aliwakataza wapimaji wanaogawa mali kwa ujira wasiungane kuwa shirika moja, kwa kuwa watu wanawahitaji na wakishikana watapandisha ujira wao. Alifariki mwaka 767. Kila ninapopita mbele ya safu ya ofisi za wapimaji na mawakala wa ploti kando ya barabara ya Namanga namkumbuka, kwa sababu aliona jambo ambalo asilimia hazilioni: nguvu ya soko mara nyingi haitokani na ukubwa, inatokana na kusimama kwenye mlango ambao mtu hana budi kuupita.

Jaribio moja lililofanywa hapa, tena kwa sababu ya wanyamapori, lilikaribia kuligusa jambo hili. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi walianza kulipwa dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza, nyumbu na punda milia wapate kupita. Kiasi kilikuwa kidogo mbele ya bei ya ploti. Lakini walioupanga mpango ule waligawa malipo mara tatu kwa mwaka, yaangukie wakati shule zinapofunguliwa. Walikuwa wamejua saa ambayo mfugaji anashikwa koo.

Yule kijana wa Bissil nilimkuta tena saa nne, ndani ya uzio wa soko. Mbuzi wake wawili walikuwa wamezungukwa na wanunuzi watatu, na alikuwa amekataa bei mbili mbele ya macho yangu. Alipouza, alipata kwa kila mmoja zaidi sana kuliko alivyopata njiani. Nikamuuliza kwa nini hakuja nao wote watano.

"Wale watatu, mzee, niliwauza siku barua ya shule ilipofika nyumbani," akasema. "Hawa wawili ndio niliokuja nao sokoni."